Epafrodito Arudipo Nyumbani

Neno: Waraka wa Paulo kwa Wafilipi 2:25-30



Katika Agano Jipya wako watu wengi walioponywa, lakini ni wachache ambao habari yao huendelea baada ya siku ile ya kupona. Kipofu huona, kiwete huruka, mwenye homa huinuka, kisha Injili huwaacha njiani na kwenda mbele pamoja na Bwana. Hatuambiwi yule kiwete alilima shamba la nani, wala yule mkoma alilala kwa nani usiku wa kwanza. Epafrodito ni tofauti. Yeye twamkuta hasa katika siku zile ambazo ugonjwa umekwisha na nyumbani hajafika bado. Na Mtume Paulo, ijapokuwa yumo kifungoni na ana mambo yake mwenyewe ya kufikiri, aona ya kuwa jambo hili lahitaji kuandikiwa.

Habari yake ni fupi. Wakristo wa Filipi walimtuma kwa Paulo akichukua zawadi yao, amhudumie kwa niaba yao. Huko akaugua, akafika karibu na mauti. Watu wa kwao wakasikia, naye akahuzunika kwa kuwa wamesikia. Mungu akamhurumia, akapona. Basi Paulo amrudisha kwao, na waraka huu ukaenda pamoja naye. Wafafanuzi wengi husema ya kuwa ni yeye mwenyewe aliyeuchukua mkononi. Angalieni Paulo asemavyo juu yake. Amwita ndugu, tena mwenzi wa kazi, tena askari mwenzake. Majina haya apewa mtu aliyelala kitandani siku nyingi, na yamkini yeye aliyetumwa kumtunza Paulo ndiye aliyetunzwa na Paulo. Kisha awaagiza Wafilipi wampokee kwa furaha na kuwaheshimu watu walio kama yeye. Kwa nini awaagize? Mtu akirudi kwao, ni nani asiyempokea? Lakini Paulo aliwajua watu. Alijua ya kuwa mlangoni pa Filipi wako watakaosema, "Twalimtuma kazi, naye amerudi kabla ya kazi kwisha," na wengine watakaosimama mbali kidogo wakimtazama jinsi alivyokonda.

Nimelichagua neno hili kwa ajili ya ndugu zetu wanaorudi kutoka katika ugonjwa wa kifua kikuu. Katika sharika zetu za mlimani, tangu Siha hata Rombo, na katika mji wa Moshi, sidhani kama uko mtaa usio na mmoja wao.

Sisi wa Kilimanjaro tumekaa karibu na ugonjwa huu kwa muda mrefu. Upande wa magharibi wa mlima, katika nchi ya Siha, iko hospitali ya Kibong'oto, iliyoanzishwa mwaka 1926 iwe mahali pa kuwatunza wenye kifua kikuu. Siku zile hapakuwa na dawa ya kuua vijidudu vya ugonjwa. Kilichokuwapo ni kulala, hewa safi, chakula, na kungoja. Hata leo wako wazee wanaolitaja jina la Kibong'oto kwa sauti ya chini, kama mtu atajaye mahali ambapo watu walikwenda wasirudi. Lakini mwaka 1943 huko Marekani ilipatikana dawa ya streptomaisini. Mwaka 1952 ikaja isoniazidi. Na nyingine zikafuata. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa juu ya kifua kikuu na ukoma, na utaratibu wake, uliotengenezwa pamoja na daktari Karel Styblo, wa kumwangalia mgonjwa akimeza dawa, na kumwandika daftarini kila aliyeanza na kila aliyemaliza, ulichukuliwa baadaye na nchi nyingi duniani. Siku hizi mwenye kifua kikuu cha kawaida humeza dawa miezi 6: miwili ya kwanza dawa nne pamoja, na minne inayofuata dawa mbili. Naye halipi kitu kwa dawa hizo.

Basi walio wengi hurudi. Babu zetu walihitaji mchungaji ajuaye kumwombea afaye kwa kifua. Sisi twahitaji usharika ujuao kumpokea arudiye. Jambo hili ni jipya kwetu, na kwa nionavyo hatujajifunza bado.

Katika nyumba kadhaa nimeona kikombe kimewekwa peke yake dirishani, na sahani moja, na kijiko. Nikiuliza, naambiwa, "Ni vya kaka, Mchungaji." Kaka amekwisha kupimwa makohozi, amekwisha kuambiwa na waganga wa hospitali ya kuwa amepona, mwaka wa pili sasa waenda, na kikombe kingaliko dirishani. Hata watoto wamefundishwa wasikiguse. Basi na ijulikane: kifua kikuu hakipiti katika kikombe, wala katika sahani, wala katika mkono wa salamu, wala katika nguo. Hupita katika hewa, mgonjwa asiyetibiwa akohoapo ndani ya nyumba iliyofungwa. Aliyeanza dawa zimfaazo, kwa kawaida baada ya majuma machache haambukizi tena. Na aliyezimaliza, makohozi yake yakaonekana safi, hana cha kumwambukiza mtu. Ajabu yetu ni hii: huyu aliyepimwa na kuponywa twamwogopa, na yule anayekohoa mwezi wa tatu sasa bila kupimwa twaketi naye kilabuni ubao mmoja, milango imefungwa kwa ajili ya baridi, tukimhurumia ya kuwa ameshikwa na mafua.

Tena mambo haya hayaishii nyumbani. Siku ya Meza ya Bwana nimemwona ndugu aliyerudi akipiga magoti mwisho wa safu. Hakupenda mwenyewe. Wenzake walingoja hata wakamwona ameelekea upande gani, ndipo walipokwenda upande wa pili. Hakuna aliyesema neno, wala hapakuwa na haja ya neno. Mchungaji ashikaye kikombe huyaona mambo haya kuliko mtu mwingine, kwa sababu yeye apita mbele ya safu yote, na mahali palipoachwa nafasi ya watu wawili hapafichiki. Nami nasema kwa upole lakini wazi: kama mtu amepona hata serikali na hospitali zimemwacha aende zake, kanisa halina sheria ya kumzuia, na safu ya madhabahuni isitunge sheria yake yenyewe kwa magoti.

Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, Martin Luther aliulizwa kama Mkristo ana ruhusa kuikimbia mauti, akaandika waraka mzima kulijibu swali hilo. Hakuwadharau wenye kujihadhari. Alitaka watu watumie dawa, wafukize nyumba zao, wasiende mahali wasipohitajiwa wasije wakachukua ugonjwa na kuwapelekea wengine. Lakini mtu aliyefungwa na wajibu kwa jirani yake hakumpa ruhusa ya kumwacha. Maneno hayo aliyasema juu ya ugonjwa uliokuwa ukiua nyumba kwa nyumba. Sisi twamkimbia mtu aliyepona.

Wako wengine ambao kwao upendo si mdogo, bali una haraka. Hao humpokea ndugu yao kwa shangwe, humchinjia mbuzi, na Jumatatu humpa jembe. Husema, "Amepona, si amepona?" Na kama ni mwanamke, humkumbusha habari ya mkwewe Simoni katika Marko 1, ambaye homa ilipomtoka aliinuka akawahudumia wageni. Habari hiyo nimesikia ikitumiwa hivyo mara nyingi, na kwa kawaida hutumiwa na watu wanaongoja chakula. Lakini kitabu hicho hicho, katika sura ya 5, chaeleza ya binti Yairo. Bwana alimwinua kutoka katika mauti yenyewe, watu wakashangaa mno. Naye, wakati wote walipokuwa wakishangaa, aliagiza yule mtoto apewe chakula. Muujiza mkuu kuliko ule wa homa, na baada yake hakumtuma kazi.

Tena jambo hili si geni kwetu. Mwanamke akijifungua katika nchi hii, twajua yatupasayo. Mzazi hulishwa mtori na nyama, huwekwa ndani, na kwa desturi ya wazee haendi majani wala kuni hata miezi mitatu ipite. Mama mkwe aliye mkali kuliko wote hathubutu kumtuma mtoni, kwa maana majirani watamcheka. Hatusemi ya mzazi, "Mtoto ametoka, si ametoka?" Twajua ya kuwa mwili wake umetumika na hauna budi kujengwa. Basi mtu aliyepigana na kifua miezi 6, akapungua hata nguo zake zikamwanguka, mbona twamhesabia siku mbili?

Waganga wa hospitali watuambia ya kuwa dawa huua vijidudu, lakini haijengi upya pafu lililokwisha kuliwa. Palipokuwa na kidonda hubaki kovu, na kovu halivuti hewa. Kwa wengi waliopona pumzi hubaki pungufu kwa miaka, na kwa wengine maisha yao yote. Hukohoa asubuhi, huchoka njia ikipanda, na baridi ya Juni na Julai huwashika kuliko wenzao. Hata wataalamu kwa muda mrefu hawakulitazama sana jambo hili. Hesabu yao ilikoma siku ya kumaliza dawa. Ni mwaka 2019 tu, huko Stellenbosch katika Afrika ya Kusini, ndipo ulipofanyika mkutano wa kwanza wa mataifa juu ya maisha ya watu baada ya kifua kikuu. Basi tusishangae kama jirani zetu pia hawajui.

Nalimtembelea mama mmoja wa usharika wetu aliyepona mwaka uliotangulia. Ng'ombe wake wawili wamo zizini, kama ilivyo desturi yetu, na majani hutoka bondeni. Zamani alikuwa akishuka alfajiri na kupanda na mzigo kichwani kabla jua halijawa kali. Sasa alikuwa akipumzika mara saba katika njia ile ile. Alizihesabu mwenyewe, akanitajia kila mahali: penye mparachichi, penye daraja la mfongo, penye duka, na kadhalika. Jambo lililomchoma halikuwa uchovu. Lilikuwa dukani, kwa sababu pale palikuwa na watu wenye kukaa, nao walikuwa wakimwambia, "Mama, umekuwa mvivu siku hizi." Walikuwa wakicheka naye, hawakuwa na ubaya. Lakini alikuwa amekwisha kuanza kupita njia ya nyuma, iliyo ndefu zaidi na yenye mwinuko mkali zaidi, asipite dukani.

Haifai kumwambia mtu kama huyo akae tu. Kukaa tu nako kwadhoofisha. Huko Kampala, katika hospitali ya Mulago, palifanywa jaribio ambalo habari yake ilitangazwa mwaka 2017: watu waliopona kifua kikuu na kubaki na upungufu wa pumzi walifanyishwa mazoezi mara mbili kwa juma, muda wa majuma 6, kutembea na kuzoeza mikono na miguu, pamoja na kufundishwa juu ya hali yao. Hapakuwa na vyombo vya gharama kubwa. Mwisho wake waliweza kutembea mbali zaidi kuliko mwanzo, na maisha yao yakawa mepesi zaidi. Kwa hiyo kazi ni dawa pia, kama itapimwa kwa pumzi ya mtu na kuongezwa kidogo kidogo. Mzigo wa majani ugawanywe mara mbili. Kijana wa jirani apewe sehemu ya maziwa, aushushe na kuupandisha mzigo ule ulio mzito. Kuchuma kahawa, kuchagua mbivu na mbichi, kuotesha miche na kuimwagilia, hizo ni kazi za heshima ambazo mtu aweza kuzifanya akiketi na kuinuka. Kuchukua gunia na kuchimba mfongo waachiwe wengine. Na jikoni moshi utolewe njia, kwa maana pafu lenye kovu halitaki moshi, na mama zetu wengi hurudi kutoka hospitali na kuinama juu ya mafiga yale yale, katika jiko lile lile lisilo na dirisha.

Sasa niseme habari ya wale ambao ugonjwa wao ulikuwa sugu, usiosikia dawa za kawaida. Hao walianza kutibiwa Kibong'oto mwaka 2009, na kwa miaka iliyofuata tiba yao ilikuwa ndefu, yapata miaka miwili, na ndani yake zilikuwamo sindano za kila siku kwa miezi mingi. Sindano hizo ziliokoa maisha ya watu, lakini ziliharibu masikio ya baadhi yao. Siku hizi njia imekuwa nyepesi. Mwaka 2022 Shirika la Afya la Dunia lilipendekeza kwa wengi wao tiba ya miezi 6 ya vidonge tu. Walakini waliopita katika njia ya zamani wako kati yetu, na baadhi yao hawasikii vema. Nanyi mwajua salamu zilivyo kwetu. Mtu akipita bila kuitika salamu ya mzee, jioni habari yake imekwisha kufika mtaa wa tatu. Ndugu mmoja alihesabiwa kuwa na kiburi mwaka mzima. Ilisemwa ya kuwa alipokuwa hospitali amejifunza kuwadharau watu. Masikio yake yalikuwa yakilia mfano wa nyenje, na sauti ya mtu aliye nyuma yake haikumfikia kabisa. Mzee mmoja wa usharika ndiye aliyegundua, kwa kumgusa bega badala ya kumlaumu. Sasa ndugu huyo huketi kanisani ubao wa mbele, upande wa kulia wa mimbari, naye huniangalia midomo. Nami nimejifunza kutogeuka kuitazama kwaya nisomapo.

Liko jambo zito zaidi, nalo ni la vijana wa Mirerani. Desturi yetu ya urithi yajulikana: mzaliwa wa kwanza hupewa kihamba, kitinda mimba hurithi nyumba ya baba, na wa katikati hujitafutia. Vihamba vimegawanywa na kugawanywa tena hata vingine vimekuwa kama ua wa nyumba. Basi wale wa katikati wengi wameshuka Mirerani, kusini ya uwanja wa ndege, kuchimba tanzanaiti. Mawe hayo yaligunduliwa mwaka 1967, na mashimo yake siku hizi ni marefu mno. Chini humo mtu hupasua mwamba na kuvuta mavumbi yake. Mavumbi hayo yakiingia katika pafu hayatoki. Hulikausha na kuliweka tayari kwa kifua kikuu. Waganga wa Kibong'oto wamepata kuwapima wachimbaji hao, nao wajua vema ni kitu gani kinachowangoja.

Kijana wa namna hiyo akiugua hurudi kwa baba yake. Hutibiwa, hupona, hunenepa kidogo. Kisha? Mwezi wa saba wa kukaa kwa baba, kaka zake huanza kuhesabu sahani za ugali. Hana shamba. Hana fedha, kwa maana ijapokuwa dawa ni bure, nauli si bure, chakula si bure, na siku zisizo na kazi hazilipwi. Shirika la Afya la Dunia huonyesha ya kuwa duniani karibu nusu ya jamaa zilizopatwa na ugonjwa huu hupoteza zaidi ya sehemu moja katika tano ya mapato yao ya mwaka. Basi asubuhi moja kijana hufunga mfuko wake na kurudi shimoni. Anajua. Ameambiwa na daktari kwa maneno makali. Lakini mlimani hakuna mtu aliyemwonyesha mahali pa kusimamisha jembe.

Enyi wazazi, na hasa ninyi wazee mnaokaa katika vikao vya ukoo, neno hili ni lenu. Mwanao aliyepona kifua akirudi katika mavumbi yale, usiseme ya kuwa ni Mungu aliyemchukua. Kikao cha ukoo chaweza kugawanya kihamba kwa ajili ya kesi ya miaka ishirini. Chaweza pia kukata migomba thelathini na mistari michache ya kahawa kwa ajili ya uhai wa mtu. Najua ni vigumu. Nimekaa katika vikao hivyo, nami nimeona ndugu wawili wa tumbo moja wakinyimana hatua mbili za udongo. Lakini nimeona pia mzaliwa wa kwanza aliyesimama na kusema, "Achukue upande wa chini, penye mfongo, ataweza kupanda mboga bila kubeba maji." Baba yake alinyamaza kwa muda, kisha akaita watu wachimbe mashimo ya isale wapande mipaka. Kijana yule analima nyanya na vitunguu hata sasa. Si tajiri. Huja kanisani kwa miguu yake.

Usharika nao una sehemu yake. Siku ya msaragambo, mtu wa namna hii apewe daftari la majina au kazi ya kupima, asihesabiwe kuwa mtoro. Katika michango asisukumwe mwaka wa kwanza. Wazee wa mitaa wamtembelee, si mara moja yenye keki na picha, bali kama jirani apitavyo. Na ombi langu moja kwa viongozi wa vikundi: tusiwe na haraka ya kumsimamisha atoe ushuhuda. Twapenda sana shuhuda za kupona. Lakini mtu aliyefichwa nyuma ya kikombe cha dirishani, kisha akasimamishwa mbele ya watu mia tatu aeleze alivyokohoa damu, amebadilishiwa mzigo tu. Akitaka kusema mwenyewe, na aseme, nasi tutamshukuru Mungu pamoja naye.

Nanyi mliopona, nina neno kwenu. Yasikieni ya Yohana 9, ambapo wanafunzi walitaka kujua ni dhambi ya nani iliyomtia yule mtu upofu, na Bwana akalikataa swali lenyewe. Msilibebe tena swali lililokataliwa na Bwana. Kovu la pafu si alama ya dhambi, wala kupumzika njiani si uvivu. Lakini jitunzeni. Tumbaku iacheni kabisa. Pombe ya kusherehekea kupona si ya lazima, na kwa ini lililobeba dawa miezi mingi ni mzigo. Kikohozi kikirudi na kupita majuma mawili, au homa za usiku na kukonda, msingoje wala msione haya kuonekana tena katika mlango ule ule; ugonjwa huu waweza kurudi, na hutibiwa tena.

Mwisho nimeulizwa swali na mama mmoja baada ya ibada, naye aliniomba nilijibu gazetini kwa kuwa si yeye peke yake mwenye kuliuliza. Alisema, "Mchungaji, mwanangu amepona kifua, naye anataka kuoa. Wazee wa upande wa pili wasema ukoo wetu una kifua. Nifanyeje?" Mama, waambie ya kuwa kifua hakirithiwi kama pua na rangi. Mwaka 1882 Robert Koch, mganga wa Ujerumani, alionyesha ya kuwa ugonjwa huu huletwa na kijidudu, na kijidudu hakijui ukoo. Watu wa nyumba moja huugua pamoja kwa sababu huvuta hewa moja. Mwanao aliyepona aweza kuoa na kuzaa kama mtu ye yote. Lakini asimfiche mchumba wake jambo lo lote, waende hospitali pamoja, waulize yote wayatakayo.

Nalifungisha ndoa ya namna hiyo si siku nyingi. Bibi arusi alijua, na wazee wa pande zote mbili walijua. Kanisa letu lina ngazi ndefu, nanyi mliofika mwazijua. Bwana arusi alizipanda polepole akiwa ameshikana mkono na ndugu yake mkubwa, na katikati alisimama. Mwalimu wa kwaya alimwona, akanyosha kidole kwa waimbaji, nao wakaongeza beti mbili, hata akapata pumzi.